Mkubwa ni Jalala

Jumamosi jioni, tarehe 12 Machi 2011, Masao Yoshida alipigiwa simu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani. Siku moja kabla, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilikuwa limetikisa pwani, tsunami ikafuata, umeme ukakatika kituo kizima, na sasa kinu nambari moja kilikuwa kinayeyuka ndani kwa ndani kwa kukosa maji ya kukipoza. Maji safi yalikuwa yameisha. Yoshida na watu wake wakaanza kusukuma maji ya bahari ndani ya kinu. Simu ilitoka kwa mkubwa wa kampuni aliyekuwa ofisini kwa waziri mkuu kule Tokyo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: serikali bado inajadiliana, simamisha hayo maji.

Yoshida alimwita mtu aliyesimamia pampu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba atatoa amri ya kusimamisha maji, lakini asithubutu kuyasimamisha. Kisha akarudi mbele ya kamera ya mkutano wa video, mahali wakubwa wa makao makuu walipokuwa wakimwona na kumsikia, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba maji yasimamishwe. Maji yakaendelea kumwagika.

Ukikaa na watu wanaofundisha uongozi, hadithi hii haichukui muda kabla ya kutajwa. Inapendeza. Ina kila kitu tunachopenda kwenye filamu: mdosi aliye mbali asiyejua kinachoendelea, mtu wa site anayejua, na ujanja kidogo. Mimi pia naipenda. Lakini nadhani ikisimuliwa peke yake inatupa somo kombo, na nitaeleza kwa nini baada ya kupitia kwanza Ukraine na Marekani.

Swali lenyewe ni hili. Je, unaweza kumfundisha mtu kuongoza kwa namna ambayo usalama wa watu hautakufa mikononi mwake? Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linaamini inawezekana. Baada ya Chernobyl lilianza kuzungumza juu ya utamaduni wa usalama. Mwaka 2016 likatoa masharti ambayo kichwa chake kinataja uongozi na usimamizi kama vitu viwili, na mwaka 2017 likaanzisha kozi ya wiki mbili ya uongozi kwa ajili ya usalama wa nyuklia na mionzi, ya kwanza ikifanyika Nice, Ufaransa. Washiriki hawapewi hesabu za fizikia, maana hizo wanazo tayari. Wanapewa visa. Unawekwa katika hali ambapo ratiba imechelewa, hela zinapotea, data haijakamilika, na kijana mmoja kule nyuma ameinua mkono. Utafanya nini?

Sisi hapa Kenya swali hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Serikali imekuwa ikisema kwa miaka sasa kwamba inataka kituo cha nyuklia, megawati 1,000 kwa kuanzia. Kwanza kilikuwa kije Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko Sokoke. Mwaka 2024 wakaazi waliandamana na polisi wakakabiliana nao. Baadaye mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kuna shirika la kuendesha mpango huo, NuPEA, na kuna mamlaka ya kuudhibiti, KNRA. Sitaki kubishana leo kama tunahitaji nyuklia au tubaki na mvuke wa Olkaria. Hiyo ni makala nyingine, na wasee wa Twitter wameishaimaliza mara kumi. Ninachojiuliza ni nani atakaa kwenye chumba cha udhibiti saa saba usiku, na atafanya nini mkubwa wake akimwambia, wewe endelea tu.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa Chernobyl, au karibu na hivyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi wa kinu nambari nne walikuwa wafanye jaribio. Walitaka kujua kama turbini, baada ya kukatiwa mvuke, ingeendelea kuzunguka kwa msukumo wake yenyewe muda wa kutosha kuzipa pampu umeme hadi jenereta za dharura ziwake. Kumbuka kwamba lilikuwa jaribio la usalama. Lilikuwa limejaribiwa miaka ya nyuma na kushindikana. Safari hii lilipangwa lifanyike mchana, na zamu ya mchana, lakini msimamizi wa gridi kule Kyiv akaomba kinu kisipunguzwe kwa kuwa umeme ulihitajika. Wakasubiri karibu saa tisa. Kazi ikaangukia zamu ya usiku.

Aliyekaa kwenye vidhibiti vya kinu aliitwa Leonid Toptunov. Alikuwa na miaka 25, na katika nafasi hiyo alikuwa na miezi michache tu. Mkuu wa zamu alikuwa Aleksandr Akimov. Aliyekuwa juu yao wote chumbani ni Anatoly Dyatlov, naibu mhandisi mkuu, mtu mwenye uzoefu mrefu na hasira fupi. Saa sita na nusu hivi usiku nguvu ya kinu ikaporomoka hadi megawati 30 za joto, ilhali mpango wa jaribio ulitaka 700 au zaidi. Hapo jaribio lilikuwa limekufa. Kinu kilitakiwa kuzimwa. Badala yake wakachomoa vijiti vya kudhibiti, kimoja baada ya kingine, wakakipandisha kwa nguvu hadi 200, wakaendelea. Mashahidi hawakukubaliana juu ya nani alisema nini. Wapo waliosimulia kwamba vijana walitaka kuzima na Dyatlov akawasukuma. Dyatlov mwenyewe alisisitiza hadi kifo chake mwaka 1995 kwamba wakati huo hakuwa chumbani.

Saa 7:23 usiku wakabonyeza kitufe cha kuzima kila kitu. Sekunde chache baadaye kinu kikalipuka. Akimov na Toptunov walikufa mwezi Mei kwa mionzi, wakipishana siku chache.

Kwa miaka kadhaa somo lililotolewa kutokana na usiku huo lilikuwa kwamba wafanyakazi walivunja sheria. Halafu likaja somo la pili, lenye huruma zaidi, ambalo ndilo utalikuta kwenye mabango ya usalama karibu kila mjengo mkubwa Nairobi: ukiona kitu, sema. Yaani Toptunov angeinua mkono. Angesema hapana. Angeondoka kwenye kiti.

Nina shida na bango hilo. Silikatai kabisa, lakini hebu lipime kwa macho ya anayeambiwa. Kijana wa miaka 25, kazi yake ya kwanza ya maana, mbele yake mtu ambaye akiandika sentensi moja kwenye faili, jamaa anarudishwa kupima joto la mabomba mpaka astaafu. Sasa mhamishe huyo kijana umlete hapa. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Nyumbani kuna mdogo wake Form Three na mama anayengoja M-Pesa ya kila mwisho wa mwezi. Amesubiri hiyo kazi miaka miwili. Unamwambia awe jasiri. Unachukua mzigo mzito kuliko yote kwenye jengo zima, unamtwika mtu mwenye mabega membamba kuliko wote, na baada ya ajali unauliza mbona hakuubeba.

Na kabla hajafika hapo tumeshamlea vipi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tumeambiwa hivyo tangu nursery. Ukiuliza swali darasani unaambiwa umekuwa mjuaji. Ukimrekebisha mjomba mezani, umekosa adabu. Miaka ishirini ya mafunzo ya kunyamaza, halafu siku moja ya semina hotelini Naivasha, chai na mandazi, mkufunzi anasema tafadhali toeni maoni yenu bila woga. Nimekaa kwenye semina kama hiyo, kwa mwajiri ambaye hana haja ya kutajwa. Mkurugenzi alikuwa amekaa safu ya mbele akiandika. Hakuna aliyekuwa na maoni.

Kuna jambo lingine ambalo bango halisemi, nalo ndilo lililonifanya nibadilishe kabisa ninavyofikiri juu ya suala hili. Mara nyingi watu husema.

Tarehe 28 Machi 1979, kinu nambari mbili cha Three Mile Island, Pennsylvania, kiliyeyuka nusu. Vali moja ilifunguka na kukataa kufungika, maji yakawa yanatoka, na wafanyakazi wakadhani maji yamezidi kwa sababu kipimo walichokuwa wakitazama kilionyesha hivyo. Wakapunguza maji ya dharura. Kosa kubwa. Lakini mwaka mmoja na nusu kabla, Septemba 1977, jambo lilelile lilikuwa limetokea kwenye kituo cha Davis-Besse, Ohio, kilichojengwa na kampuni ileile ya Babcock & Wilcox. Kule bahati ilikuwa upande wao kwa sababu kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu ndogo. Mhandisi wa kampuni hiyo, Bert Dunn, aliliona. Februari 1978 akaandika kwa wakubwa kwamba wafanyakazi wa vituo vyote waelekezwe upya, kwa sababu ikitokea kinu kikiwa na nguvu kamili mafuta ya nyuklia yanaweza kubaki bila maji. Hakunyamaza. Aliandika kwa lugha nyeupe. Karatasi ikazunguka idara hadi idara, mmoja akauliza swali dogo la kiufundi, mwingine akawa na kazi nyingi, na mpaka ile asubuhi ya Machi maelekezo mapya hayakuwa yamefika Pennsylvania.

Turudi Chernobyl na swali hilohilo. Kitufe walichobonyeza ili kuzima ndicho kilichomalizia. Vijiti vya kudhibiti vya kinu kile vilikuwa na ncha za grafiti, na vikishuka kutoka juu kabisa, kwa muda mfupi viliongeza nguvu badala ya kuipunguza. Jambo hilo halikuwa siri kwa kila mtu. Lilikuwa limeonekana mwaka 1983 kule Ignalina, Lithuania, kwenye kinu cha aina hiyohiyo. Wabunifu walijua. Ripoti ya wataalamu wa IAEA ya mwaka 1992 ililitoa wazi, na lawama nyingi zikahama kutoka kwa wale vijana zikaenda kwa kinu chenyewe na kwa mfumo uliokificha kasoro zake. Toptunov alikuwa amekalia bunduki, na waliojua kwamba kitufe cha kuizima kinaweza kufyatua hawakuona haja ya kumwambia.

Kwa hiyo upungufu uko wapi? Mdomo upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali pa maneno kuangukia.

Kiswahili kina msemo juu ya jambo hili, na nashangaa hautumiki zaidi: mkubwa ni jalala. Wengine husema mkubwa ni jaa. Wengi huuchukua kama faraja kwa mzee aliyetukanwa, kwamba wewe ni mkubwa, vumilia, kila mtu atakutupia takataka zake. Lakini hebu uchukue neno kwa neno. Jalala ni mahali pa kutupa. Kazi yake ni kupokea. Jalala halichagui, halimuulizi mtu mbona umeniletea uchafu leo na jana ulileta, halimwambii arudi na maganda yaliyopangwa vizuri. Mtaa usio na jalala haukosi takataka. Zinatupwa mtaroni, zinasukumwa chini ya kitanda, zinachomwa usiku, na mvua ikinyesha ndipo unapojua zilikuwa nyingi kiasi gani. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuchorewa picha.

Mkubwa asiyeambiwa mabaya hana kituo kisicho na mabaya. Ana mitaro iliyoziba.

Sasa nirudi kwa Yoshida, kama nilivyosema. Shujaa wa maji ya bahari hakuanza kazi ile Jumamosi. Kati ya 2007 na 2010 alikuwa makao makuu Tokyo, akiongoza idara iliyoshughulikia mitambo ya nyuklia ya kampuni. Mwaka 2008, idara hiyo ikiwa chini yake, wahandisi wa kampuni walipiga hesabu wakaona kwamba tsunami ya hadi mita 15.7 inaweza kufika Fukushima Daiichi. Kinga za kituo wakati huo zilikuwa zimekadiriwa kwa mawimbi yasiyozidi mita 5.7. Hesabu ikapelekwa juu. Uamuzi ukawa suala lichunguzwe zaidi na chama cha wahandisi. Hakuna ukuta uliojengwa, na jenereta hazikuhamishwa. Mdhibiti wa serikali alionyeshwa hesabu hiyo tarehe 7 Machi 2011. Siku nne baadaye bahari ikaja, kama mita 14 au 15.

Mtu ni yuleyule. Akiwa site, moto mbele yake, alikaidi amri na akafanya lililo sawa. Akiwa ofisini, mbele ya karatasi iliyosema habari mbaya yenye gharama kubwa na isiyo na tarehe, alikuwa sehemu ya mlolongo ulioiacha ilale. Alikufa kwa saratani mwaka 2013, akiwa na miaka 58, na simtaji ili nimchafulie jina. Namtaja kwa sababu maisha yake yanavunja wazo kwamba kuna watu jasiri na watu waoga, na kwamba kazi ya shule ya uongozi ni kuwachuja. Ujasiri wa usiku mmoja ni rahisi kuutambua na ni rahisi kuupigia makofi. Uwezo wa kupokea karatasi mbaya siku ya kawaida, jua likiwaka na bahari imetulia, hauna hadithi ya kusimulia. Ukifanikiwa hakuna kinachotokea, na hakuna atakayejua.

Baada ya Fukushima, mwenyekiti wa tume ya bunge ya uchunguzi, Kiyoshi Kurokawa, aliandika kwamba mizizi ya janga ilikuwa kwenye tabia za Kijapani zenyewe, hasa utii usiouliza na kuogopa kumhoji mkubwa. Wengi walimpongeza. Kuna Wajapani waliokasirika pia, na mimi niko upande wao, kwa sababu ya Onagawa.

Onagawa ni kituo cha nyuklia kingine, pwani hiyohiyo, karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima. Tsunami iliyokipiga ilikuwa kama mita 13. Kilisimama. Vinu vikazimwa salama, na zaidi ya wakaazi 300 wa vijiji vilivyosombwa walikuja kujihifadhi ndani ya ukumbi wa michezo wa kituo cha nyuklia. Kilisimama kwa sababu kilijengwa juu, mita 14.8 kutoka usawa wa bahari, na kilijengwa juu kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi mmoja mkongwe aliyewahi kuwa naibu rais wa kampuni, Yanosuke Hirai, aling'ang'ania hivyo wakati wenzake waliona kimo cha chini kinatosha. Gharama iliongezeka. Hirai alikufa mwaka 1986, robo karne kabla ya wimbi lake kufika.

Hirai alikuwa Mjapani. Kampuni yake ilikuwa ya Kijapani, na heshima kwa wakubwa ilikuwepo kule vilevile. Tena tunaweza kusema heshima ndiyo iliyosaidia, maana mkubwa waliyemheshimu alikuwa ndiye anayeiogopa bahari.

Nasisitiza hili kwa sababu sisi nasi tunapenda kujificha nyuma ya utamaduni. Sisi Waafrika tunaheshimu wazee, bana, mambo ya kumwambia bosi hapana ni ya wazungu. Mwezi Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari ya 507, ilianguka dakika chache baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, usiku wa manane. Watu wote 114 walikufa. Rubani mkuu alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Miongoni mwa mambo ambayo wachunguzi walitaja ni ukosefu wa uratibu kati ya wawili hao. Baada ya hapo niliwasikia watu wengi wakisema, unaona, kijana hawezi kumwambia mzee. Lakini pengo hilo si la Kiafrika wala la Kijapani. Wamarekani walianza kuwafundisha marubani wao jinsi ya kusemeshana chumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu wao pia walikuwa wanaangusha ndege huku msaidizi akijua na akinung'unika tu. Sekta ya nyuklia iliazima mengi kutoka kwao.

Heshima na woga ni vitu viwili. Ninayemheshimu ndiye ninayemwambia kwamba ana mchicha kwenye meno kabla hajapanda jukwaani. Ninayemwogopa namwacha apande nao.

Haya. Kama tatizo ni jalala, unamfundishaje mtu kuwa jalala?

Mtu ninayemfikiria zaidi hapa ni wa ajabu kidogo, kwa sababu hakuwa mpole hata chembe. Hyman Rickover, amirali aliyejenga jeshi la nyambizi za nyuklia la Marekani, aliwasaili yeye mwenyewe maafisa waliotaka kujiunga, na usaili wake ulikuwa mateso. Inasimuliwa kwamba kiti cha msailiwa kilikatwa miguu ya mbele ili ateleze akijibu. Kwa vigezo vya semina za Naivasha huyo angefeli asubuhi. Lakini tazama alichojenga. Manahodha wa nyambizi walitakiwa kumwandikia barua moja kwa moja, na barua hizo zilitakiwa kueleza yaliyoharibika. Nakala za barua zilizochapwa ofisini kwake zilifika mezani pake siku ileile, kabla hazijasafishwa na wakuu wa idara. Na nyambizi mpya ilipoingia majini kujaribiwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa ndani, hata alipokuwa mzee. Hakutegemea ujasiri wa mtu wa chini. Alifanya kuleta habari mbaya kuwe kazi ya kawaida kama kuleta chai, na kuificha ndiko kukawa hatari.

Naona hapo kitu kinachofundishika. Kila mtu ana moyo wake na sioni kozi ya wiki mbili ikiubadilisha. Lakini unaweza kumfundisha mkubwa aulize nini, asubuhi gani, kwa nani, na afanye nini na uso wake anapojibiwa. Mambo ya uso si mzaha. Watu wa chini husoma uso wa bosi kuliko wanavyosoma sera ya kampuni. Mdosi akivuta pumzi tu ukimwambia pampu ina mlio, umeshajua kwamba mlio wa kesho utausikia peke yako.

Na kuna siku moja ambayo huamua kila kitu, ambayo nadhani ndiyo ingestahili kuwa mtihani wa kozi. Wengi wanadhani ni ile siku kijana alipoinua mkono na kumbe alikuwa sahihi. Siku hiyo ni rahisi. Anapigwa picha, anapewa cheti, anawekwa kwenye jarida la kampuni. Siku ngumu ni ile aliyoinua mkono, kazi ikasimama, na kumbe hakukuwa na kitu. Kituo cha megawati 1,000 kikizimwa siku nzima ni megawati-saa 24,000 ambazo hazikuuzwa. Simu kutoka wizarani zinaingia. Mombasa giza, Twitter inachemka, na kijana amesimama mlangoni na kipimo kilichokuwa kimeharibika mkononi. Atakachoambiwa dakika hiyo kitasikika hadi kantini kabla ya saa saba mchana, na zamu zote zitajua bei ya kuinua mkono ni ngapi. Baada ya hapo bandika mabango unavyotaka.

Ninajua jibu la watu wa vitendo: ukimshukuru kila anayepiga kelele, kesho kila mtu atapiga kelele, na kazi haitafanyika. Hoja ina uzito, na ipo hata kwenye hadithi ya mchungaji na fisi. Lakini hadithi ile ni ya kijana aliyedanganya. Aliyekosea kwa nia njema ni mwingine, na mkubwa asiyeweza kuwatofautisha hao wawili hana sifa ya kukabidhiwa jiko la mkaa, sembuse kinu. Pia ninajua kwamba ukaidi wenyewe si wema. Wale wa Chernobyl nao walikaidi. Walizima baadhi ya kinga za kinu ili jaribio liishe, wakiamini wanajua zaidi ya kitabu. Yoshida alivunja amri ili maji yaendelee kupoza, wao wakavunja taratibu ili kazi isikwame. Ukiwa hujui uende upande gani, angalia ukaidi wako unaelekea kwenye kusimama au kwenye kuendelea.

Mpango wa serikali unazungumzia umeme wa nyuklia miaka ya 2030. Maana yake mkuu wa zamu wa kwanza pengine yuko chuo sasa hivi, JKUAT au Moi au nje ya nchi kwa skolashipu, na yule atakayekaa kwenye kiti cha Toptunov yuko shule ya upili, labda leo ameambiwa aketi chini aache maswali. Wakubwa watakaowaongoza wapo kazini tayari, kwenye mitambo ya mvuke, kwenye gridi, kwenye wodi za hospitali zenye mashine za mionzi za kutibu saratani. Siku ya kuwasaili, vyeti vyao vitakuwa mezani na vitakuwa vizuri. Ningependa mmoja wa wanajopo awe na swali moja la ziada: mara ya mwisho mtu wa chini yako aliposimamisha kazi bure, ulimwambia nini?

Na akijibu kwamba kwake haijawahi kutokea, waendelee na wa pili kwenye orodha.